Mlango wa Kuagania

Kwetu sisi mtu akiaga haondoki. Anaaga sebuleni, anaaga tena akivaa viatu, anaaga ngazini, na akifika kwenye gari ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Mlango wa gari uko wazi, mguu mmoja ndani, mguu mmoja barabarani, na hapo ndipo utakapojua nani ameposwa, nani kaachishwa kazi, na nani kaenda hospitali bila kumwambia mumewe. Yale ya sebuleni yalikuwa ya kunywea chai tu.

Nimekulia Hounslow, huku kwa Waingereza, kwenye nyumba ya Wapemba, na sehemu kubwa ya utoto wangu niliipitisha nimeshika milango ya magari ya watu. Mlango wa gari haupendi kukaa nusu. Ukiuachia unarudi, unampiga mtu goti au unambana buibui. Kwa hiyo hutafutwa mtoto mmoja aushike mpaka wakubwa wamalize, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Mdogo wangu Mahir alikuwa mjanja. Akisikia tu "haya, sisi twende zetu," anakimbilia chooni.

Nayasema haya ili ujue kwamba mlango nilioupigania sikuuokota hewani.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya magari ya kifahari. Jina lake sitalitaja. Ni majina mawili ya Waingereza waliokufa zamani, na wanasheria wao wako hai. Magari yetu hununuliwa na watu wasiouliza bei, ila sisi tunaoyatengeneza tunaulizana bei kutwa. Kazi yangu ni kubuni bodi: milango, nguzo, paa, pale bati linapopinda na pale linapokutana na bati jingine. Meza inayotazamana na yangu ni ya Dhiren, mkadiriaji wa gharama. Nikichora mstari, yeye ndiye anayeniambia mstari huo utakula pesa ngapi. Watu hudhani mbunifu na mkadiriaji ni paka na panya, lakini mimi na Dhiren tumeshazoeana: asubuhi tunagombana, mchana tunagawana chakula. Mama yake alizaliwa Mombasa, na yeye amebakiwa na maneno matatu ya Kiswahili, "chai", "haraka" na "shenzi", ambayo huweza kuyatumia yote kwenye mkutano mmoja.

Mwaka jana tulianza gari jipya, kubwa, la umeme, la milango minne. Mimi nikapewa milango ya nyuma, na kwenye gari la namna hii mlango wa nyuma ndio gari, maana mwenye mali hakai mbele. Nikaupandisha ukingo wa paa juu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wasema watu, lakini aliyetoa bei ya nyumba hatafuti cha mvunguni. Halafu nikachora mlango unaobaki pale unapouacha. Ukiufungua kidogo, unakaa kidogo. Ukiufungua wote, unakaa wote. Kwenye mteremko na kwenye upepo hautikisiki mpaka mwenyewe uuguse. Kizingiti cha chini nikakifanya kipana na laini, ili mtu aweze kukaa kitini kiubavu, miguu nje, amalize maneno yake bila chuma kumkata mapaja. Kwenye michoro ya ofisi ulikuwa mlango A. Mimi niliuita mlango wa kuagania.

Mlango kama huo una gharama yake. Ni mzito, na ukining'inia popote unavuta bawaba, bawaba zinavuta nguzo, na nguzo ikiwa nyembamba inapinda. Baada ya muda mlango haufungi sawasawa. Kwa hiyo nguzo lazima inenepe, bawaba zichongwe maalumu, na ndani ya mlango kuwe na kifaa cha kuushika. Dhiren alikaa na mchoro wangu siku kadhaa. Alipomaliza alinitazama kwa huruma.

"Miska," akasema, "mlango wako mmoja unakula pesa kuliko boneti nzima."

"Na boneti inamfanyia nini mwenye gari?"

"Inafunika."

"Basi mlango wangu unamheshimu."

"Kwenye hesabu zangu sina safu ya heshima," akasema Dhiren, akarudi kwenye kompyuta yake.

Mkuu wa mradi wetu anaitwa Alexis. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi, maana mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Ni mrefu, mpole, ana viatu vizuri, na anayajua majina ya wafagiaji wote. Lakini kila mtu ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Alexis ni nembo. Kwenye boneti ya gari jipya aliweka nembo ya kampuni iliyolala ndani ya bati. Mwenye gari akikaribia, bati linafunguka, nembo inapanda polepole, inawaka taa, kisha inashuka. Ina mota yake, ina taa yake, ina hata mfereji wake wa kutolea maji ya mvua. Kila akija mgeni studio, Alexis huipandisha na kuishusha kama mzazi anayemtaka mtoto wake awasomee wageni.

Mwezi wa tatu wakubwa wakasema bodi imepita bajeti, ipunguzwe. Alexis akaitisha mkutano. Kwenye skrini kulikuwa na mlango wangu, na kando yake mlango B, wa kawaida, wenye vituo viwili tu, nusu na wote. Bawaba zake ni za kununua, nguzo yake nyembamba. Ukiuachia kabla haujafika kituoni, unarudi.

"Tumewajaribu watu kwenye gari la mbao," akasema Alexis.

Gari la mbao ni umbo la gari lenyewe, ukubwa wake halisi, lenye viti na milango lakini halina mashine. Kwenye letu, mlango wa kushoto ulikuwa A na wa kulia ulikuwa B. Watu walialikwa waingie na kutoka huku wakipimwa kwa saa.

"Wameingia na kutoka kwa milango yote miwili," akaendelea. "Muda ni uleule. Hakuna aliyeona tofauti."

"Mmepima kuingia, na mmepima kutoka," nikasema. "Kubaki amekupima nani?"

"Kubaki wapi?"

"Mlangoni. Mtu hajaingia, hajaondoka. Anaagana na wenziwe."

Alexis akatabasamu, lile tabasamu la kumvumilia mtu. "Wateja wetu hawasimami kwenye milango ya magari, Miska. Wana madereva."

"Na huyo dereva anafanya nini wakati tajiri wake anaagana? Anaushika mlango. Kwa mkono. Mvua inamnyea. Ndugu yangu ni dereva, nikuulizie?"

Varsha, wa idara ya rangi na ngozi, akacheka, akakigeuza kicheko kikohozi. Alexis akasema hoja yangu imesikika, lakini pesa lazima zitoke mahali.

Hapo ndipo nilipokosa adabu, na mpaka leo sijutii. Nikasema, "Zitoke kwenye nembo."

Hakuna aliyekohoa. Alexis akamgeukia Dhiren, macho yakimwomba amwokoe. Nilimwonea huruma Dhiren, maana ana watoto wawili na mkopo wa nyumba Harrow, na aliyekuwa akimtazama ndiye anayeandika tathmini yake ya mwaka. Lakini Dhiren ameumbwa vile. Ukimuuliza hesabu anakujibu hesabu. Akasema taratibu kwamba ukitoa mota ya nembo, na taa, na mfereji, na lile bati dogo linalofunguka, basi ziada ya milango ya Miska imeshalipwa, wa kushoto na wa kulia, na inabaki ya chai. Hiyo "chai" aliisema kwa Kiswahili.

Alexis akafunga kompyuta yake. Sauti hakuipandisha, yule hapandishi. Akasema nembo ndiyo roho ya gari. Nikamjibu kwamba roho inayojificha chini ya bati mimi siijui. Tukatoka mle chumbani bila mtu kumtazama mwenziwe usoni, na nikiwa ngazini nikagundua kwamba nimekasirika kiasi cha kutaka kulia. Nikaingia chooni nikanawa uso. Sikulia.

Uamuzi ukaja wiki iliyofuata. Mlango B.

Sasa, kwenye kampuni yetu badiliko la bodi haliingii kiwandani mpaka yule aliyebuni sehemu hiyo atie saini kwamba ubora haukupungua. Ni utaratibu wa tangu enzi za mafundi wa nyundo, na watu wengi hutia saini huku wakinywa kahawa. Mimi niliipata ile karatasi mezani Jumatatu. Jumanne ilikuwa bado iko palepale. Alhamisi Alexis akapita, akaitazama, akanitazama, akapita. Ijumaa asubuhi akaniita ofisini kwake.

"Miska, tia saini tuendelee."

"Sitii."

"Ni mlango mzuri."

"Ni mzuri kwa gari la nusu ya bei yetu. Karatasi inanitaka niseme haupunguzi kitu. Unapunguza. Mimi nalijua hilo, na wewe ungelijua kama ungewahi kusimama nje ya nyumba ya mama yangu watu wakiondoka."

Alexis akajisugua macho. Akasema, kwa upole uleule, kwamba anaona nimechoka, na kwamba pengine ningechukua wiki mbili nikae nyumbani nifikiri. Nikirudi tutaona kama ningependa kuhamia timu ya vioo vya pembeni. Kuna vijana wazuri sana kwenye vioo vya pembeni.

Akufukuzaye hakwambii toka. Nikasimama.

"Wiki mbili sizihitaji," nikamwambia. "Nimeshafikiri. Mtafute mwingine atie saini yake. Jina langu halikai kwenye mlango unaopiga watu magoti."

Nisiseme uongo, niliogopa. Kazi kama ile haiko kila mtaa, na wanawake wenye mtandio kichwani wanaobuni bodi za magari ya matajiri ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Nilirudi mezani kwangu. Nikachukua sanduku la karatasi, nikatia kikombe changu, kalamu zangu, msala wangu wa kuswalia. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, nilijiambia, na nikajiambia tena, maana mara ya kwanza haikuniingia vizuri.

Na siku hiyo, katika siku zote, ndiyo iliyokuwa siku ya jamaa.

Hiyo ni desturi ya kampuni ambayo naipenda kwa dhati. Kila gari jipya likifika hatua ya mbao, kabla ya bati la kwanza kukatwa, huchaguliwa Ijumaa moja, na wafanyakazi huruhusiwa kuwaleta watu wao walione. Simu zinaachwa getini. Wasema ilianzishwa na wapiga bati wa zamani, waliotaka wake zao wajue kinachowachosha. Nilikuwa nimemwalika mama wiki nyingi nyuma, wakati mlango ulikuwa bado ni wangu, na katika ghadhabu zile nikasahau kumzuia.

Mahir alimchukua baada ya kuswali Ijumaa. Mdogo wangu huyo ana gari la teksi, Prius ya fedha, na anaogopa faini za maegesho kuliko anavyoogopa kaburi. Mama, Bi Time kwa watu wa Hounslow, aliwasili amevaa buibui jipya, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili ndoo ya plastiki imejaa visheti. Magoti yake yamekwisha; aliyamaliza kwa kuwainua wazee wa watu vitandani miaka na miaka. Niliwapokea getini, na mlinzi akamuuliza kilichomo ndani ya ndoo.

"Mwambie mkono mtupu haulambwi," mama akaniambia, akamtilia visheti kiganjani.

Kiingereza mama anakijua, alikitumia kazini. Lakini hadithi zake husimulia kwa Kiswahili, ati Kiingereza hakina chumvi, na asiyeelewa atafute wa kumfasiria.

Nikampeleka kwenye gari la mbao. Akalizunguka polepole, akaligonga kwa fimbo, akasema mbao nzuri. Bahati mbaya, au nzuri, alianza na upande wa kulia. Akaufungua mlango B, akauachia ili ashike fimbo vizuri, mlango ukarudi ukamgonga goti lile bovu.

"Huu una ubaya na mie," mama akasema.

"Njoo upande wa pili, mama."

Upande wa pili aliufungua, akauachia, akangoja umpige. Haukumpiga. Akausukuma kidogo kwa kidole, ukasogea kidogo ukatulia. Akakaa kitini kiubavu, miguu nje, ndoo mapajani, akashusha pumzi. "Aa," akasema. "Huu kautengeneza mtu mwenye mama."

Mie hapo nusura nimwage machozi ambayo chooni niliyazuia. Na yeye hakuondoka tena pale. Varsha alikuja kuonja kisheti akaketi sakafuni mbele yake. Wakaja mafundi wa udongo, wale wanaofinyanga maumbo ya magari, wakaja na wake zao. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwangu anagawa visheti na kuuliza watu habari za kwao, na mimi nikifasiri, mpaka jicho lake likaangukia sanduku langu pale mezani.

"Sanduku la nini lile?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, mbele ya wote, wala hakuna aliyeelewa. "Wanataka kuutoa huu ulokalia, waweke ule ulokugonga. Wanataka nitie saini kwamba yote sawa. N'mekataa. Nnaondoka nanyi leo."

Mama akautazama mlango B. Akanitazama mimi.

"Umekataa kwa adabu?"

"Si sana, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Akajizoazoa, akainuka. "Basi twende zetu. Lakini hatutoki hapa kimyakimya kama wezi, mwanangu. Mie ntamuaga kila mtu."

Na kweli alimuaga kila mtu. Alimuaga Varsha, aliwaaga mafundi na wake zao, alimuaga Dhiren mara mbili, ya pili kwa ajili ya mama yake wa Mombasa. Mimi nyuma yake na sanduku langu. Kufika uani, msafara ulikuwa umekua. Watu wamezoea kumfungulia mgeni mlango wa studio na kurudi kazini, lakini mama huwa hamwachii mtu mkono mpaka wafike kwenye gari. Kila aliyemshika, akaja naye.

Mahir alikuwa ameegesha kwenye ule mteremko wa kupakilia mizigo, pua ya gari ikitazama juu. Alexis alikuwa ameshatoka kutuaga. Kwa hilo namsifu, mtu mwenye malezi hamwachi mama wa mtu aondoke bila kumpa mkono, hata kama asubuhi amemfukuza mwanawe. Akamfungulia mama mlango wa nyuma wa Prius. Mama akakaa kitini, kiubavu, miguu nje. Kwenye mteremko ule mlango ukaanza kurudi, Alexis akaudaka kwa mkono kabla haujafika gotini.

"Ahsante, mwanangu," mama akasema. "Mama yako mzima?"

Nikafasiri. Alexis akajibu kwamba mzima, ashukuriwe Mungu, anaishi Dorset. Angekomea hapo angeokoka. Lakini mtu mpole akiulizwa habari za mama yake hawezi kujibu neno moja, na mama akisikia Dorset anataka kujua ni wapi, na nani anampikia huyo mama, na magoti yake je. Magoti, akasema Alexis, hayafai. Mama akapiga paja. Akaanza kumweleza habari ya mafuta ya mkaratusi, halafu habari ya mzee mmoja wa Thornton Heath aliyejipaka mafuta hayo machoni, halafu habari ya mke wa mzee huyo, ambayo ni ndefu.

Ndege ikapita juu ikishuka uwanja wa Heathrow. Sote tukanyamaza mpaka ipite, kama watu wa Hounslow wanavyofanya, na mama akaendelea pale alipoishia.

"Mum, please," Mahir akasema kutoka kwenye usukani. "I've got a pickup in Southall."

"Abiria angoje," mama akasema. "Anakwenda wapi?"

Manyunyu yakaanza. Alexis akabadilisha mkono. Mlango ulitumia nafasi hiyo ukarudi, akauzuia kwa kiuno, koti lake zuri likajifuta kwenye bati lililolowa. Hakuweza kuuachia, goti la mama liko pale. Hakuweza kuondoka, hadithi iko katikati. Wafanyakazi wake wote walikuwa wamesimama duara wanamtazama, na midomo ina sukari ya visheti. Sijui ni lini alianza kuelewa alichokishika. Mimi nilikiona usoni mwake wakati mama alipofika kwenye harusi ya binti ya yule mzee: alishusha macho akautazama mkono wake, vidole vimekuwa vyeupe, kisha akanitazama mimi.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye hekima angenyamaza.

"Mkono umechoka?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Hiyo ndiyo gharama. Dhiren, iandike."

Dhiren alikuwa amejifunika gazeti kichwani. "Sina safu yake," akasema. Akafikiri kidogo. "Naweza kuiongeza."

Alexis hakucheka. Alikaa na mlango wake kiunoni, maji yakimchuruzika kwenye nywele, mama akiendelea na harusi yake. Nikajiambia basi, yamekwisha, vioo vya pembeni hata hivyo nisingevipata. Sikuomba radhi. Nililikumbatia sanduku langu nikasimama wima.

"Dhiren," Alexis akasema hatimaye, bila kugeuka. "Ile nembo. Ukiitoa, ulisema inabaki nini?"

"Ya chai," akasema Dhiren, na safari hii nilimfasiria Alexis.

"Jumatatu niletee hesabu yote upya."

"B sitii saini," nikasema. "Jumatatu wala siku nyingine."

"Sijakuomba," akasema Alexis. "Na hilo sanduku lirudishe ndani, linalowa."

Nilimpa Varsha sanduku. Mikono yangu ikabaki mitupu, sikujua niifanye nini. Ungedhani ningeushika mlango nimpokee Alexis. Mkono uliondoka wenyewe, kwa mazoea ya utotoni. Nikaurudisha. Nikauweka mfukoni.

Mama aliikatiza hadithi yake. Alivua miwani akaipangusa mvua kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akamtazama Alexis juu mpaka chini kwa mapenzi makubwa, akaniambia neno moja kwa Kiswahili, akaegemea vizuri kwenye kiti, miguu bado iko nje.

"Anasemaje?" Alexis akauliza. Sauti yake ilikuwa na matumaini. "Anaondoka?"

"Hapana," nikamjibu. "Anasema sasa ndiyo anaanza kuaga."